Sauti imenaswa, mahali hapajulikani: mawimbi mafupi na mpaka wa Arua

Mwezi Novemba 2025 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, mjini The Hague walithibitisha mashtaka 39 dhidi ya Joseph Kony, mwanzilishi wa kundi la waasi la LRA. Kikao cha kuyasikiliza mashtaka hayo kilikuwa kimefanyika mwezi Septemba bila mshtakiwa kuwapo, jambo ambalo mahakama hiyo haikuwahi kulifanya tangu iundwe. Hati ya kumkamata ilitolewa Julai 2005. Kesi yenyewe haiwezi kuanza mpaka afikishwe kizimbani, na hapo ndipo penye kitendawili. Kony na makamanda wake walizungumza redioni kwa miaka mingi, wakasikilizwa karibu kila siku, wakarekodiwa kwenye kanda. Hata hivyo, miaka 20 baadaye, taarifa kumhusu hazivuki maneno ya jumla: mipaka ya Sudan na Jamhuri ya Afrika ya Kati, eneo la Kafia Kingi, mahali fulani porini.

Inawezekanaje sauti ya mtu ihifadhiwe kwa miaka mingi ilhali mahali alipo pasijulikane? Jibu limo katika tabia za mawimbi mafupi ya redio, na katika fani ya kijeshi isiyozungumzwa sana hadharani: kutafuta mwelekeo wa mawimbi ili kugundua yanakotoka. Ni fani yenye zaidi ya karne moja, na mipaka yake inaonekana waziwazi zaidi pale ramani inapokuwa na mstari unaotenganisha nchi na nchi. Adumi, kaskazini-magharibi mwa mji wa Arua katika eneo la West Nile nchini Uganda, ni mahali pa namna hiyo. Anayesimama huko akitazama magharibi anaitazama Kongo. Kilugbara kinazungumzwa pande zote mbili, na soko la Ariwara, upande wa pili, linawakutanisha wafanyabiashara wanaopatana bei kwa Kilugbara, Kiswahili na Kilingala bila kuulizana pasipoti.

Redio inavyojisaliti

Anayetaka kuielewa kanuni ya kwanza hahitaji maabara. Achukue redio ndogo ya betri, aiweke kwenye mawimbi ya kati, atafute kituo kinachosikika vizuri, kisha aigeuze redio polepole juu ya meza. Kuna upande ambao sauti itafifia, pengine ipotee kabisa. Ndani ya redio hiyo mna kipande cha feriti kilichozungushiwa waya, nacho hupokea vizuri mawimbi yanayokijia ubavuni na hayapokei yale yanayokijia kwa kichwa. Sauti inapozimika, ncha ya kipande hicho inaelekea kwenye mtambo wa kurushia. Mafundi wa zamani waligundua mapema kwamba sikio hutambua kwa usahihi zaidi pale sauti inapozimika kuliko pale inapovuma, na ndiyo maana vifaa vya mwanzo vilitafuta ukimya. (Jaribio hili halifanyi kazi kwenye mawimbi mafupi ya redio hiyohiyo, kwa sababu huko hutumika ile antena ndefu ya kuvuta.)

Ncha hiyo lakini ina pande mbili. Mtambo unaweza kuwa mbele, unaweza kuwa nyuma. Antena ya pili ya wima huongezwa ili kuondoa utata huo. Kinachobaki ni mstari mmoja juu ya ramani, na mstari mmoja hautoshi: unasema tu kwamba msemaji yuko mahali fulani juu yake, awe umbali wa kilomita 10 au 1,000. Kituo cha pili, kilicho mbali na cha kwanza, huchora mstari wake. Mistari inapokatana, hapo ndipo panaposhukiwa. Kituo cha tatu huongezwa ili kuwahakiki wawili wa kwanza, na mara nyingi mistari mitatu haikutani kwenye nukta moja bali huacha pembetatu ndogo katikati. Ukubwa wa pembetatu hiyo ndio kipimo cha uaminifu wa kazi nzima.

Vita vikuu viwili vya dunia ndivyo vilivyoikuza fani hii. Mwaka 1916, kabla ya mapigano ya Jutland, vituo vya pwani ya Uingereza viligundua kuwa meli za Ujerumani zimeanza kusogea kwa sababu mwelekeo wa mawimbi yao ulibadilika kwa digrii chache tu. Mwaka 1919 Mwingereza Frank Adcock alipata hataza ya mpangilio wa antena za wima ambao haudanganywi kwa urahisi na mawimbi yanayotoka juu angani, na mpangilio huo ukawa msingi wa vituo vingi vya baadaye. Katika Vita vya Pili manowari za Ujerumani kwenye bahari ya Atlantiki ziliwindwa kwa njia hiyo: nahodha aliyetuma ujumbe wa sekunde chache alikuwa tayari amejitaja mahali alipo.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, kitengo cha Uingereza cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya jeshi la wanamaji la Japani kilihamishiwa Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Wataalamu wake walifanikiwa kufumbua msimbo uliotumiwa na meli za mizigo za Japani, ingawa walilalamika kwamba mawimbi yaliwafikia Mombasa yakiwa dhaifu. Mwaka uliofuata walirudishwa Colombo. Wakazi wengi wa Mombasa wanaoipita shule hiyo leo hawana habari kwamba madarasa yake yaliwahi kusikiliza bahari nzima.

Mawimbi yanayoshuka kutoka utosini

Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka na hukoma penye kilima. Mawimbi mafupi yana njia nyingine: hupanda hadi kwenye ionosfia, tabaka la anga ya juu lililochajiwa na miale ya jua, kisha hurudishwa ardhini. Ndiyo maana msikilizaji wa kijijini aliweza kuzisikia London, Cologne au Beijing bila mnara wowote wa karibu. Ndiyo maana pia redio za mawimbi mafupi zilipendwa na wote waliofanya kazi mahali pasipo na simu: wamisionari, mashirika ya misaada, wafanyabiashara wa dhahabu, majeshi na waasi. Uganda watu waliziita redio koli. Kongo ni foni. Tanzania wengi walizijua kama simu za upepo.

Njia hiyo ya angani ndiyo inayomtesa mtafutaji. Tuchukue Dungu, mji wa kaskazini-mashariki mwa Kongo ulio takriban kilomita 270 kutoka Arua kwa mstari ulionyooka. Ikiwa ionosfia inarudisha mawimbi kwenye kimo cha kilomita 300, ujumbe kutoka Dungu hausafiri kilomita 270. Unapanda na kushuka jumla ya karibu kilomita 660, na unaifikia Arua ukitokea digrii 66 juu ya upeo wa macho. Kwa maneno mengine, unashuka karibu kutoka utosini. Kumuuliza mtu mvua inatoka upande gani wakati inamnyeshea kichwani ni kumwonea. Antena nazo hupata taabu hiyohiyo: kadiri mawimbi yanavyoshuka wima, ndivyo mwelekeo wake wa mashariki au magharibi unavyozidi kuwa wa kukisia.

Wataalamu waliugeuza udhaifu huu kuwa mbinu. Kituo kimoja kinachoweza kupima mwelekeo na vilevile pembe ya kushuka kinaweza, peke yake, kukadiria umbali: mawimbi yanayoshuka wima yametoka karibu, yanayoingia kwa mlalo yametoka mbali. Sharti ni kukijua kimo cha ionosfia saa hiyo, nacho hakitulii. Tukikichukulia kuwa kilomita 300 kumbe ni 250, hesabu ya Dungu itatupa kilomita 324 badala ya 270. Kosa la kilomita 50 angani limeuhamisha mji kilomita 54 ardhini.

Eneo la West Nile lina mkosi wa ziada. Mstari wa ikweta ya sumaku ya dunia unapita kaskazini mwake, Ethiopia na kandokando yake, na katika ukanda huo ionosfia huchafuka baada ya jua kuzama. Mawimbi hutawanyika na kutetemeka, na mwelekeo uliopimwa saa moja jioni unaweza kuyumba dakika baada ya dakika. Jioni ndiyo saa ambayo watu wengi hupenda kuzungumza.

Digrii mbili na nchi mbili

Hapa ndipo Adumi inaporudi katika hesabu. Kituo kizuri cha kutafuta mwelekeo kwenye mawimbi mafupi, hali ya anga ikiwa tulivu, kinaweza kukosea kwa digrii moja au mbili bila mtu yeyote kukilaumu. Kwa umbali wa kilomita 60, digrii moja ni takriban kilomita moja ardhini. Kutoka Gulu hadi upande huu wa Arua ni kilomita zipatazo 160 kwa mstari ulionyooka. Digrii mbili hapo ni kilomita 5 na zaidi, kila upande wa mstari.

Katikati ya mbuga ya Garamba kilomita 5 si kitu. Ni nyasi na nyasi. Mpakani kilomita 5 ni jamhuri nyingine. Redio iliyowashwa upande wa Uganda inaweza kuonekana kwenye ramani kama iko Kongo, na ya Kongo ikaonekana kama iko Uganda. Ushahidi wa lugha nao hausaidii, maana anayezungumza Kilugbara hewani anaweza kuwa mkazi wa upande wowote. Kiswahili ndiyo kabisa: West Nile kiliingia kwa njia ya jeshi la kikoloni, King's African Rifles, na biashara, kikabaki lugha ya kambi na soko, na anayekizungumza redioni anaweza kuwa askari, mwasi, dereva wa lori au mchuuzi wa samaki.

Kwa eneo hili jambo hilo halikuwa la kinadharia. Katika miaka ya 1990 kundi la West Nile Bank Front, likiongozwa na Juma Oris, lilishambulia Koboko, Arua na Aringa kutoka vituo vya Sudan na Zaire ya wakati huo. Kundi la UNRF II lilitia saini mkataba wa amani na serikali mjini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002 tu. Upande wa mashariki, LRA ilivizia magari kwenye barabara ya Karuma kwenda Pakwach, na mabasi ya Arua yakawa yanasafiri kwa misafara yenye ulinzi wa askari. Mahali pa namna hiyo, mstari wa penseli juu ya ramani haubaki mezani. Hufuatwa na doria, au na helikopta.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha masafa marefu huwa ni hatua ya kwanza tu. Kazi ya uhakika hufanywa karibu, kwa gari au kwa miguu, mahali ambapo mawimbi ya ardhini bado yana nguvu kuliko yale ya angani na mwelekeo haudanganyi. Tofauti kati ya hatua hizo mbili ndiyo tofauti kati ya kusema "wako upande ule" na kusema "wako chini ya mti ule". Jeshi lenye haraka huwa na kishawishi cha kuruka kutoka ya kwanza hadi kwenye bomu, na raia wanaoishi ndani ya ile pembetatu ya makosa hawajui hata kwamba wamo ndani yake.

Kanda za Gulu

Vita dhidi ya LRA vilisikilizwa kwa namna ambayo vita vichache vya Afrika vimewahi kusikilizwa. Makamanda wa kundi hilo walikuwa na redio za mawimbi mafupi, waendeshaji waliofunzwa, majina ya siri na orodha za misimbo, na walikutana hewani kwa saa zilizopangwa, mara kadhaa kwa siku. Kony alitoa amri, makamanda wakatoa taarifa za mashambulizi: wapi, nani ameuawa, wangapi wametekwa. Kwa upande wa pili, idara ya usalama wa ndani ya Uganda, ISO, jeshi la UPDF na polisi walikuwa na wasikilizaji wao mjini Gulu na kwingineko, waliokaa na vipokezi, kanda na madaftari. Walizijua sauti za makamanda kama mtu anavyozijua sauti za jirani zake.

Jeshi lilikuwa pia na vifaa vya kutafuta mwelekeo, na inafaa kuzitenganisha kazi hizi mbili kwa sababu mara nyingi huchanganywa. Anayesikiliza anajua nani amesema na amesema nini. Anayetafuta mwelekeo hajali maneno. Anajua tu kwamba kuna mtambo uliowashwa kwenye masafa fulani, upande fulani, dakika fulani. Wa kwanza anahitaji Kiacholi na kumbukumbu ya mafumbo. Wa pili anahitaji hesabu ya pembe. Taarifa zao zikikutana, jina hupata mahali. Zisipokutana, kuna jina lisilo na mahali, au mahali pasipo na jina, na hili la pili ndilo la hatari zaidi kwa mwenye redio asiye na hatia.

Thamani ya kazi ya hao wa kwanza ilionekana The Hague. Katika kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa LRA aliyefikishwa ICC Januari 2015, upande wa mashtaka uliwasilisha kanda na madaftari hayo, na mashahidi waliokuwa wasikilizaji au waendeshaji redio wakaeleza nani alikuwa nani hewani. Kulikuwa na idara tatu zilizosikiliza kila moja kivyake, na rekodi zao zingeweza kulinganishwa. Majaji waliziona kuwa ushahidi wa kuaminika. Tarehe 4 Februari 2021 Ongwen alitiwa hatiani kwa makosa 61, yakiwemo yaliyohusu mashambulizi dhidi ya kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25, na rufaa yake ikakataliwa Desemba 2022.

Sauti hizo zilihukumu, lakini hazikuwa zimezuia. Wanakijiji wa Odek waliuawa Aprili 2004 na wa Lukodi mwezi uliofuata, katika miaka hiyohiyo ambayo taarifa za LRA zilikuwa zikiandikwa madaftarini Gulu. Zipo sababu za kiufundi zinazoeleza sehemu ya jambo hilo: misimbo iliyobadilishwa, ripoti za redioni zilizokuja baada ya shambulio badala ya kabla yake, vikosi vidogo vilivyotembea bila redio. Sababu hizo haziwezi kueleza yote, na swali la nini kilifanywa na kila kilichosikika linabaki kuwa swali la haki ambalo familia za huko wana haki ya kuliuliza.

Ukimya kama silaha

Mwishoni mwa 2005 sehemu ya LRA ilivuka Nile na kuingia Garamba, nchini Kongo, si mbali na mpaka wa West Nile. Mazungumzo ya Juba yakafuata kuanzia 2006, na katika kipindi hicho viongozi wa kundi walizungumza na dunia kwa simu za setilaiti. Mazungumzo yalipovunjika, tarehe 14 Desemba 2008 ndege na helikopta za Uganda zilishambulia kambi za Garamba, katika operesheni iliyofanywa pamoja na Kongo na Sudan Kusini, Marekani ikisaidia kwa mipango, taarifa za kijasusi na mafuta. Kambi zilipigwa. Kony hakuwemo.

Kisasi kiliwaangukia raia. Human Rights Watch ilihesabu watu wasiopungua 865 waliouawa kaskazini mwa Kongo na Sudan Kusini katika wiki chache zilizoanza mkesha wa Krismasi. Nalo kundi likajifunza. Wachambuzi na watu waliotoroka kutoka LRA wameeleza kwa miaka mingi kwamba Kony alijiondoa hewani: redio zikazimwa, simu za setilaiti zikaachwa, amri zikapelekwa na wajumbe wa miguu waliotembea siku nyingi msituni. Marekani ilipotuma washauri wa kijeshi wapatao 100 mwaka 2011, wakiwa na vifaa vya kunasa mawimbi ambavyo wasikilizaji wa Gulu wasingeviota, walikuta cha kunasa ni kidogo. Ujumbe huo ulihitimishwa 2017 bila kumpata.

Ukimya huo uliwagharimu wenyewe. Kiongozi anayengoja majibu ya amri yake kwa wiki tatu haongozi tena jeshi, anaongoza uvumi. LRA iligawanyika katika vikundi vidogo visivyojuana vizuri, na wapiganaji wengi wakajisalimisha. Katika maana hiyo, fani ya kutafuta mwelekeo ilifanya kazi hata pale ambapo haikumpata mtu: ilimnyima adui yake matumizi ya chombo chenyewe. Lakini kundi lililotawanyika na kunyamaza si salama zaidi kwa kijiji kilicho njiani mwake.

Foni za Haut-Uélé

Vijiji navyo vilikuwa kimya, kwa sababu nyingine kabisa. Kati ya tarehe 14 na 17 Desemba 2009 LRA iliua watu wasiopungua 321 katika eneo la Makombo, Haut-Uélé. Dunia ilipata habari kamili Machi 2010, miezi mitatu baadaye. Hapakuwa na mtandao wa simu, barabara zilikuwa mbovu, na waliobaki hai walilazimika kutembea.

Tukio hilo ndilo lililowasukuma watu wa Kanisa Katoliki huko Dungu, wakisaidiwa na mashirika ya nje, kusambaza foni za mawimbi mafupi vijijini ili kila asubuhi na jioni kila kijiji kitoe taarifa: shwari, au wamepita. Taarifa zilikusanywa, zikapelekwa kwa mashirika ya misaada na walinda amani, na kuanzia 2011 zikachapishwa kwenye ramani ya intaneti. Teknolojia ni ileile iliyotumiwa na waasi, masafa ni ya jamii ileile, na ratiba ya saa maalumu ni ileile pia. Kwa mtu anayetazama kifaa cha kutafuta mwelekeo akiwa Arua, nukta inayowaka saa moja kila asubuhi msituni mwa Kongo inaweza kuwa kamanda anayetoa amri au katekista anayesema kwamba usiku ulipita salama. Kinachowatofautisha ni leseni, orodha ya masafa yaliyosajiliwa, na mtu wa kukaa na kusikiliza maneno kabla ya kuchora mstari.

Orodha hiyo ndiyo kazi ya amani ya fani hii, na ndiyo sehemu inayosahauliwa. Nchini Uganda sheria ya mawasiliano ya 2013 inamtaka kila anayetumia mtambo wa redio apate kibali cha Tume ya Mawasiliano, UCC, na tume hiyo hufuatilia masafa ili kuwapata wanaorusha bila kibali au wanaowaingilia wengine. Kimataifa, Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, hutegemea vituo vya ufuatiliaji vya nchi wanachama ili kutambua mtambo unaosumbua masafa ya ndege au ya meli. Mpakani utaratibu huu huwa mgumu zaidi, kwa sababu mtambo ulio Kongo hauwezi kufungwa na ofisa kutoka Kampala. Kinachowezekana ni barua kati ya serikali na serikali, na kama mstari umekosea kilomita 5, barua imeandikiwa nchi isiyohusika.

Sasa kila mtu anaweza kujaribu

Mbinu mpya haigeuzi antena hata kidogo. Hupima muda. Mawimbi ya redio husafiri mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, na saa za setilaiti za GPS zina usahihi wa kutosha kuonyesha kipokezi kipi kimesikia kwanza na kipi kimechelewa kwa kiasi gani. Vipokezi vitatu au zaidi vilivyotawanyika vikilinganisha muda wao, kompyuta huchora mahali panapolingana na tofauti hizo. Tangu miaka michache iliyopita kuna mamia ya vipokezi vya mawimbi mafupi vilivyounganishwa kwenye intaneti na wapenzi wa redio kote duniani, na programu ya hesabu hiyo inapatikana bure. Kijana mwenye kompyuta mjini Melbourne au Oslo anaweza kukadiria kinakotoka kituo asichokijua, kazi iliyokuwa ya majeshi peke yao.

Makadirio hayo hubeba doa lilelile la ionosfia: kosa la kilomita kumi, ishirini au zaidi ni la kawaida, na vipokezi hivyo ni vingi Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuliko katikati ya Afrika, ambako mistari hukatana vibaya. Picha inayotoka kwenye kompyuta hata hivyo huwa nzuri, yenye rangi na doa jekundu katikati, na husambaa mitandaoni ikiwa imekatwa maelezo yake ya makosa. Doa hilo likiangukia mkoa wa mpakani, tayari kuna kijiji kilichotajwa. Wanaoishi ughaibuni, ambao ndugu zao wako Adumi, Aru au Faradje, wana sababu ya kuuliza maswali mawili kabla ya kuisambaza: vipokezi vilikuwa wapi, na duara la makosa ni la kilomita ngapi.

Ni vigumu kuona jinsi mbinu hizi, za zamani au mpya, zitakavyomsaidia mwendesha mashtaka wa ICC kumpata mtu aliyezima redio yake. Atakayemtaja huenda akawa mtu, si mtambo: mpiganaji aliyetoroka, mfugaji aliyekutana na msafara, mfanyabiashara aliyeuza betri. Kanda zenyewe zimo salama. Mashtaka 39 yaliyothibitishwa Novemba 2025 yanahusu matukio ya kaskazini mwa Uganda kati ya Julai 2002 na mwisho wa Desemba 2005, miaka ambayo redio za LRA zilikuwa bado zinaitana kwa ratiba na wasikilizaji wa Gulu wakibonyeza kitufe cha kurekodi.